Mishale ya Eliud Kwenye Posa ya Sia

Hadithi hii hutaiamini, na wala si kosa lako. Hata watu wa Akheri waliokuwepo siku hiyo, ukiwauliza leo watakuambia mambo hayakwenda hivyo, lakini hao ni watu wanaobishana hata na redio inapotaja saa. Wewe isome kwanza mpaka mwisho, kukataa utakataa baadaye.

Eliud ni Mmeru wa kijiji hicho cha Akheri, mtoto wa wakulima wa kahawa na ndizi, mwembamba kama mpini wa jembe, mwenye sauti ya upole ambayo ikikasirika inapanda juu mpaka inakatika. Alipelekwa kusoma nchi za baridi, Bulgaria au Romania, moja kati ya zile. Aliondoka wakati ule wa kupanga foleni kwa ajili ya sabuni. Aliporudi akakuta Arusha imefunguliwa kama gunia: mitumba imetundikwa mpaka kwenye nguzo za umeme, kila mwenye chumba cha mbele ametoboa ukuta akaweka duka, na wanunuzi wapya wa kahawa wanapanda mlimani na mizani zao kama vile kahawa imegunduliwa jana. Kila mtu alikuwa na kitu cha kuuza. Eliud peke yake ndiye aliyerudi na kitu ambacho hakuna aliyejua kinaliwa na nini.

Kitu chenyewe kilikuwa mishale.

Hebu tulia ueleweshwe, maana jambo hili hata walimu linawashinda, ila mjomba wake Eliud, mtu aliyeishia darasa la saba lakini mwenye kichwa chepesi, alilielewa siku hiyohiyo. Kompyuta haina akili. Ukiipa mstari wa maneno au hesabu, inautafuna kutoka ncha moja, kama mbuzi aliyepata kamba, na haijui kipi kinakwenda na kipi. Kwa hiyo kuna wataalamu kazi yao ni kuiandikia kanuni za kuupasua ule mstari: kitu kikubwa kinavunjika kuwa vidogo, na vidogo navyo vinavunjika, mpaka ufike pasipovunjika tena. Kanuni hizo haziandikwi kwa maneno ya kawaida kama ya mimi na wewe. Zinaandikwa kwa alama za hesabu. Mshale unasema “kinavunjika kuwa”. Kijiti kilichosimama wima kinasema “ama”. Basi. Miaka yote ile kwenye theluji, mtoto wa watu amejifunza mshale na kijiti.

Akapata kazi ya kufundisha kompyuta mjini, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la mbegu, karibu na soko kuu. Unavua viatu mlangoni kama unaingia msikitini, mashine zimefunikwa vitambaa vya kufuma, na wanafunzi wote wanataka kitu kimoja tu: kujua kuchapa barua ya kuomba kazi. Eliud akiwaandikia mishale ubaoni wanamwangalia hivi, kisha mmoja anauliza, “Mwalimu, hii itatoka kwenye cheti?” Alikuwa anarudi nyumbani kila siku soksi zimemchafuka na roho imemchafuka zaidi.

Ni mmoja tu ambaye hakumuuliza habari ya cheti. Sia, binti wa Mzee Hans, Mchaga wa Machame anayeuza spea za magari na mwenye nyumba yake mtaa wa Sakina. Sia alitazama ubao, akakunja uso, akanyoosha kidole.

“Hicho kijiti hapo katikati kikifutika, si itakuwa balaa?”

Eliud alishika chaki mpaka ikavunjika. Hakuna mwanamke aliyewahi kumwambia maneno matamu kama hayo.

Mambo yakaiva, ukafika wakati wa kupeleka wazee kuposa, na hapo ndipo kijana wetu alipoanza kuota mvi.

Posa ya kwanza ilikuwa aibu. Ujumbe uliongozwa na Mzee Aminieli, baba mkubwa wake Eliud, mzee wa kanisa, mtu mwenye koti zito lisilovuliwa hata kwenye jua la Januari. Walifika Sakina mchana, wakapokewa vizuri, wakaambiwa wajitambulishe. Sasa Wameru kwenye kujitambulisha! Mzee Aminieli akasimama, akasema Bwana asifiwe, akaitikiwa, akajitaja, akamtaja wa kwanza. Yule wa kwanza naye akasimama, Bwana asifiwe tena upya, akawataja aliokuja nao, akawataja ambao wangekuja lakini wana mafua, akawataja marehemu. Kila aliyetajwa akisimama anamkumbuka mwingine. Mmoja alimtambulisha shemeji yake wa Kikatiti kwa kirefu, mpaka ugonjwa wake wa goti, na shemeji mwenyewe hakuwepo. Jua likazama wakiwa bado wanatambulishana. Wakasali, wakaaga, wakapanda pikapu, na walipofika Tengeru ndipo Mzee Aminieli alipouliza, “Hivi, tulisema tumefuata nini?”

Hawakuwa wamesema.

Jumatatu Sia akaja darasani amenuna.

“Eliud, baba amekasirika. Anasema amekaa na watu mchana kutwa, amewalisha, na hajui walitaka nini. Amewapa Jumamosi moja tu. Jua likizama hamjasema mlichofuata, msirudi tena. Na baba akishasema amesema.”

“Nitawaambia wafupishe.”

“Umewahi kumwambia baba yako mkubwa afupishe?”

Hakuwahi. Nani amewahi? Ndipo likamjia wazo, na lilimjia kwa hasira si kwa utulivu, kwamba kama ameweza kuifundisha mashine isiyo na ubongo kupasua mstari mrefu hadi mwisho wake, hawa ni wazazi wake, ni Walutheri, wanajua kusoma, watamshindaje?

Akaazima ubao wa shule ya Jumapili, akauegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya Mzee Aminieli, wazee wakakaa kwenye mabenchi na bakuli zao za loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando, mkononi. Mjomba wake akateuliwa kusimamia nidhamu, kwa sababu ya ile akili yake iliyokwisha tajwa.

“Shikamooni wazee wangu.”

“Marahaba. Tuoneshe hiyo mikuki yako.”

“Ni mishale, baba mkubwa. Tuanze na mfano rahisi.” Akaandika:

MKUNGU → KICHANA | KICHANA MKUNGU

“Hapa tunasema mkungu wa ndizi ni kichana kimoja, ama ni kichana kimoja kinachofuatwa na mkungu.”

Mzee Aminieli akaweka bakuli chini. “Mkungu wa kichana kimoja?”

“Ndiyo.”

“Shamba la nani hilo, tulisaidie mbolea?”

“Baba mkubwa, ni mfano tu.”

“Mfano wa shamba baya. Kwa nini usiweke mfano wa shamba zuri? Futa hicho kichana cha peke yake, kinatia aibu.”

“Haiwezekani! Hapo ndipo mkungu unapokomea. Nikikifuta, mkungu hauishi, unaendelea kushuka tu, kichana baada ya kichana, bila mwisho.”

“Mkungu usioisha,” akasema mzee, akiwageukia wenzake, “kuna mtu hapa anaukataa?”

Wote wakacheka. Mmoja akauliza mbegu yake inapatikana wapi. Eliud akafuta mkungu wote kwa kiganja, akajipangusa kwenye suruali yake nzuri, akaandika kilichompeleka pale:

KIKAO → SALAMU UTAMBULISHO HOJA

UTAMBULISHO → MTU | UTAMBULISHO MTU

“Salamu ni moja tu,” akasema, na sauti ilishaanza kupanda. “Mkishasalimia mmesalimia. Halafu utambulisho. Mtu wa kwanza anajitaja mwenyewe, jina na ukoo, amemaliza. Baada ya hapo aliyekwisha kutambulishwa anamtaja anayemfuata, huyo mmoja tu, aliyekaa hapo hapo, mzima. Marehemu hapana. Wenye mafua hapana. Goti la shemeji hapana! Mkimaliza, hoja. Ni hivyo tu.”

 Kisha Mzee Aminieli akanyoosha bakora yake mpaka ikagusa ubao, pale penye MTU wa peke yake kabla ya kijiti.

“Huyu anayejitaja mwenyewe ni nani?”

“Ni wewe, baba mkubwa. Wewe ndiye wa kwanza.”

“Mimi nisimame kwenye nyumba ya watu nijitaje mwenyewe? Kama karani wa sensa?”

“Kifupi tu...”

“Eliud. Kwetu mtu mzima hajitaji. Anatajwa. Anatajwa na mkubwa wake, huku amekaa, na mikono iko kwenye bakora. Mtu anayejitaja mwenyewe ni mtu aliyekosa ukoo, au ni mgombea.”

“Safari ile ulijitaja.”

“Safari ile ilikwendaje?”

 Kijana akageuka kutafuta msaada kwa mjomba wake, naye mjomba, kwa busara, akawa anatazama kuku. Walibishana pale mpaka vumbi la chaki likawaingia kwenye loshoro. Eliud alieleza kwamba lazima awepo wa kuanzia. Mzee alieleza kwamba mkubwa hutambulishwa na mkubwa wake. Eliud alieleza tena kwa kuchora. Mzee alieleza tena kwa kukohoa. Mwishowe, kwa uchovu tu, kwa ule uchovu wa mtu anayesukuma ng'ombe aliyelala, Eliud akachukua kitambaa akafuta MTU wa kwanza na kile kijiti. Ikabaki:

UTAMBULISHO → UTAMBULISHO MTU

“Sasa imenyooka,” akasema Mzee Aminieli, ameridhika. “Hakuna anayesimama bila kutajwa na mwingine. Na nawaambieni wote, safari hii tunafuata ubao. Mtu asiruke hata mshale mmoja.”

Eliud alijua kuna kasoro. Mtu amesoma nchi za baridi, atakosaje kujua? Lakini alijifariji kwamba siku yenyewe Mzee Hans, kwa kuwa ni mwenyeji, atamuuliza mzee jina lake, na mambo yataanza. Kosa hilo usilicheke. Ungekuwa wewe umekaa pale na mzee yule, ungefuta ubao mzima na kuukausha kwa shati lako.

Jumamosi ikafika. Wakashuka kutoka Akheri na pikapu, makoti yamepigwa pasi, wakaingia Sakina mapema kabisa. Sebule ya Mzee Hans ilikuwa na makochi mapya yenye nailoni yake, televisheni iliyofunikwa kitambaa, na kwenye kona amekaa Bibi Agnela, mama yake Mzee Hans, kikongwe mdogo aliyejifunga shuka, macho amefumba. Eliud akakaa kiti cha karibu na mlango, kichwa chini, kama inavyompasa mtu anayeposewa: haongei, hacheki, hata nzi akitua puani anamwacha. Machalari ya ndizi na nyama yalikuwa yananukia kutoka jikoni, na kwenye upenyo wa mlango wa jikoni kulikuwa na jicho moja la Sia.

Salamu ikatolewa. Moja tu, kama ubao ulivyosema. Eliud moyoni akashangilia.

“Karibuni,” akasema Mzee Hans.

“Ahsante,” wakasema wote.

“Karibuni sana. Mjisikie nyumbani.”

“Ahsante.”

Mzee Hans akasubiri, kwa sababu kwao Machame mgeni ndiye anayejieleza, mwenyeji hamuulizi mzee wa watu jina kama polisi. Mzee Aminieli naye akasubiri, mikono kwenye bakora, uso umetulia kama picha, atajwe. Na wengine wote wakasubiri Mzee Aminieli atajwe ili awataje.

Kimya.

Saa ya ukutani ikapiga. Mzee Hans akakohoa. Wazee wa Meru nao wakakohoa, kwa adabu. Soda zikaletwa, zikanywewa. Kimya. Mzee Hans akadhani labda mgeni hakupenda kiti, akaagiza kiti chake mwenyewe, kile cha mikono mipana, kikaletwa. Mzee Aminieli akahamia, akashukuru kwa kichwa, akakaa, akanyamaza vizuri zaidi. Mwenyeji akafikiri pengine ni jua, pazia likavutwa. Pengine ni baridi, pazia likafunguliwa. Hakuna.

“Kuna jambo limewaudhi?” akauliza hatimaye.

“Hapana,” akasema Mzee Aminieli. “Tunafuata utaratibu.”

Eliud pale mlangoni jasho lilikuwa linamshuka mpaka kwenye kola. Sasa aliiona ile kasoro mbele yake imekaa, imevaa koti. Ili utambulisho uanze lazima utambulisho uwe umeanza. Ili huo uwe umeanza lazima mwingine uwe umeanza kabla yake, na kabla yake mwingine, kurudi nyuma mpaka kwa Adamu, na Adamu hakualikwa. Alishawahi kuipa mashine kanuni ya namna hiyo, zamani, chuoni: haikulalamika, haikukataa, ilitulia tu. Kioo kiliganda mpaka mtu akaja kuchomoa waya ukutani. Sasa hapa Sakina utachomoa waya gani?

Akamkonyeza mjomba wake. Mjomba akajibu kwa kukonyeza pia, akidhani ni salamu. Akamtazama Mzee Aminieli kwa macho ya kusihi. Mzee akamtazama kwa macho yanayosema, si ulivyoandika mwenyewe? Jua lilikuwa limeshuka dirishani, limefika kwenye miguu ya televisheni. Jicho la Sia kwenye upenyo likawa na maji. Mzee Hans akatazama dirisha, akatazama wageni, akashika magoti yake kama mtu anayetaka kusimama na kusema basi, tuombe tufunge.

Eliud akasimama yeye.

“Huyu ni Mzee Aminieli!” Sauti ilipanda mpaka ikakatika, akaanza tena. “Huyu ni baba yangu mkubwa, na yule ni mjomba, na wale wote ni wazee wetu wa Akheri, na walio nyumbani hawahusiki, na waliokufa wamekufa! Mimi ni Eliud. Nafundisha kompyuta. Nimekuja kumwomba Sia!”

Hata saa ilionekana kusita. Mtoto, anayeposewa, amemtambulisha mkubwa wa ukoo. Amesimama. Na kidole amenyoosha!

“Eliud,” akasema Mzee Aminieli, taratibu, kwa Kimeru, akisahau kwamba Wamachame wanaielewa lugha hiyo bila shida, “nikifika nyumbani naanza na wewe, halafu naanza na ule ubao.”

Bibi Agnela akafumbua macho. Kumbe hakuwa amelala.

“Wewe kijana. Nani amekutaja wewe?”

“Hakuna, Bibi. Nimejitaja mwenyewe.”

“Na umekuja kufanya nini? Sema tena, sikio langu moja ni la mapambo.”

“Kumwomba Sia, Bibi.”

“Basi huyo ni wa kwanza,” akasema bibi, akamgeukia mwanawe. “Hans, safari ile tulipokwenda nawe kwao mke wako kumwomba, si ulitapika mlangoni kwa woga? Huyu hajatapika.”

“Mama!”

“Nasema tu.”

Mzee Hans akajifuta uso na leso. Akamtazama Eliud kutoka viatuni mpaka kichwani, kwa namna anavyotazama spea iliyoletwa bila boksi.

“Mzee Aminieli,” akasema, “kijana wako hana adabu.”

“Hana,” akakubali Mzee Aminieli, kwa uchungu.

“Lakini nimemwelewa. Siku ile mlipokuja nililala nikiwajua mpaka mashemeji wa mashemeji zenu, na mke wangu akaniuliza hawa watu wamefuata nini, nikamwambia nadhani wanauza shamba.” Akageukia jikoni. “Sia! Njoo hapa.”

Sia akaja, kanga begani, anajifuta mikono ambayo haikuwa na maji.

“Unawafahamu wageni hawa?” Ndivyo binti anavyoulizwa, kila kitu kinaning'inia hapo, akisema siwafahamu watu wanachukua makoti yao.

Sia hakuinua macho. “Hao waliokaa nawajua kwa majina, baba. Safari ile nilisikia yote nikiwa jikoni, hata habari za goti. Lakini ninayemfahamu ni huyo aliyesimama.”

“Na unataka tumsikilize?”

“Ameshasema, baba. Mimi nimemsikia. Nakubali.”

Eliud akakaa chini kama mtu aliyekatwa kamba. Mzee Aminieli akatoa mikono kwenye bakora kwa mara ya kwanza tangu waingie, na machalari yakaanza kutoka jikoni, na nje jua bado lilikuwepo, jekundu, la kutosha kabisa.

Hapo sasa ndipo mjomba wake Eliud alipoinuka. Akaweka mkono kifuani akatoa hotuba ya shukrani ambayo Sakina wanaitaja mpaka leo, kwa Kimeru, Kichaga, Kimasai na Kiingereza kidogo, mpaka Mzee Hans akalia wazi wazi, Bibi Agnela akavua shuka lake akamfunga mjomba begani, magari yakasimama kwenye barabara ya Namanga madereva washuke wasikilize, na wingu lililokuwa limefunika Mlima Meru likapasuka katikati, kilele chote kikaonekana kimejaa theluji ya...

“Mjomba, hadithi yako yote nimeichapa, ila hapo sichapi.”

“Chapa, Eliud. Wewe kazi yako ni kuchapa.”

“Hukutoa hotuba. Sia alipokuwa anajibu wewe ulikuwa jikoni, umeinamia sufuria.”

“Nilikwenda kuhakikisha kama chumvi ime...”